Vidhibiti Viwili, Mama Mkwe Mmoja

Jumatatu, 17 Februari

Nimeamka nikiwa mtu mwenye shabaha. Mama mkwe anarudi Jumamosi kutoka Vrnjačka Banja, alikokwenda kuloweka magoti yake kwenye maji ya chemchemi. Hataki kushukia hapa mjini Novi Sad. Anataka apelekwe moja kwa moja kwenye nyumba yake ya Rakovac, kule mlimani. Nyumba imefungwa tangu Krismasi, na ndani yake kuna baridi ya kisima.

Kabla ya kuondoka alitamka mbele ya binti zake wawili na sisi waume zao kwamba nyumba ile imemshinda kuitunza. Ataiandika kwa jina la yule atakayemfanya aingie akute sebule ina joto na maji ya kuoga ni ya moto. Kisha akanitazama mimi. Radmila, mke wangu, anadai alikuwa anatazama saa iliyo nyuma ya kichwa changu. Wivu huo. Wa nini, sijui, maana nyumba ikiwa yangu ni yake pia.

Naitaka sana nyumba ile. Ina miti ya plamu na baraza inayotazama mto Danube. Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa mkaguzi wa tiketi kwenye mabasi ya mji, nikiota mahali ambapo nitakaa na hakuna mtu atakayepanda wala kushuka.

Kikwazo ni kimoja: Rastko. Ni mume wa Smilja, dada yake Radmila, yaani mwanyumba wangu. Hufanya kazi kwenye kampuni ya bima na hunyoosha hata soksi kwa pasi. Leo alipiga simu kutangaza kwamba atanunua kidhibiti, kidude cha kufunga kwenye umeme na kukiunganisha na intaneti ya nyumba, halafu mtu akiwa huku mjini anabonyeza simu yake, hita kule Rakovac inawaka. Nikamjibu kwamba wazo hilo nilikuwa nalo tangu vuli.

Sikuwa nalo. Lakini ningelipata.

Jumanne, 18 Februari

Dukani mapema. Vidhibiti ni vingi kuliko nilivyofikiri. Kuna vya kutumia laini ya simu na vya kutumia intaneti. Kuna vya kuwasha kitu kimoja na vya kuwasha mtaa mzima. Muuzaji, kijana mwenye haraka ya kwenda kula, alitaka kujua boila ya kupasha maji inakula umeme kiasi gani. Nikamwambia kiasi cha kawaida. Akauliza umeme ukikatika na kurudi, ninapenda kifaa kibaki kimezimwa au kikumbuke kilipoachia. Nikamwambia Rakovac umeme haukatiki. Hukatika kila upepo ukivuma, lakini mambo ya familia hayasemwi dukani.

Rastko alikuwa ameshafika, bila shaka. Alikuwa amechagua kidude cheupe cha kuendesha kitu kimoja tu, chenye kipimajoto, kinachotuma habari kwenye simu: nimewaka, nimezima, sebule ina joto kiasi hiki. Kifaa mbea. Mimi nimechagua cheusi chenye njia nne na taa ndogo ya kijani. Hakitoi habari yoyote. Rastko aliuliza nitajuaje kwamba kimetii. Nikamwambia mimi ni mtu wa kutoa amri, si wa kusubiri majibu. Muuzaji alikubaliana nami haraka sana, akachukua koti lake.

Dada wawili wameamua kama mahakimu: Rastko ashughulikie hita ya sebuleni, mimi boila ya bafuni. Mchana tulikwenda Rakovac kwa gari lake. Intaneti ipo, mama mkwe huitumia kwa tamthilia zake za Kituruki. Fundi wa kijijini alifunga vidhibiti vyote viwili ndani ya kabati la fyuzi, nyuma ya makoti ya marehemu baba mkwe. Kwa kuwa nina njia nne, nilimwambia aniunganishie pia taa ya sebuleni na redio. Rastko akacheka puani. Redio niliiacha sauti imefunguliwa hadi mwisho, isikike vizuri.

Jambo dogo la kuandika hapa. Neno la siri la kidhibiti cha Rastko limeandikwa kwenye kibandiko ubavuni mwake, na hakulibadilisha. Nimelisoma nikijifanya nafunga kamba za kiatu.

Viatu vyangu havina kamba.

Jumatano, 19 Februari

Siku kuu! Nikiwa ndani ya basi namba nne, kwenye daraja, nilibonyeza simu na kuwasha boila ya Rakovac. Nilimweleza mama aliyekaa pembeni yangu kwamba sasa hivi, ng'ambo ya mlima, maji yanapata moto kwa kidole changu. Akashika mkoba wake kwa mikono miwili.

Radmila aliuliza nimejuaje kama imewaka kweli. Nikawasha taa na redio, kisha nikampigia Spasoje, jirani wa kule, anayeishi ng'ambo ya bustani ya plamu. Spasoje na mama mkwe hawasemeshani kwa sababu ya mti wa jozi uliopo mpakani, kwa hiyo hakanyagi kwake, lakini kuchungulia anachungulia. Akasema taa inawaka na redio inawaimbia kunguru. Ushindi mtupu.

Jioni akapiga tena. Anaona moshi kwenye bomba la nyumba. Nikamwambia ndiyo teknolojia hiyo, bwana. Akauliza teknolojia hiyo inachoma kuni za wapi. Nikamkatia. Watu wa kijijini hawapendi maendeleo ya mwenzao.

Alhamisi, 20 Februari

Nimeanza na Rastko. Nimeingia kwenye kidhibiti chake kwa lile neno la kibandiko na kuzima hita. Baada ya muda akaiwasha, nikaizima. Akaiwasha, nikaizima. Nilikuwa nimekaa mkahawani karibu na soko la samaki, na kahawa haijawahi kunishuka vizuri namna hiyo. Smilja ameshampigia Radmila kumwambia kwamba Rastko anatembea chumbani akikitukana kidude chake cheupe.

Kisha Spasoje akapiga. Kuna soksi zimeanikwa barazani. Nyeupe, ndefu.

Teknolojia haivai soksi. Damu ikanipanda. Mwizi! Ndani ya nyumba yangu, au itakayokuwa yangu keshokutwa. Amewasha jiko la kuni, amefua, amestarehe.

Mtu mwingine angeita polisi. Lakini nikiita polisi, Radmila atajua, Smilja atajua, na Rastko atafika na gari lake na kuchukua nusu ya sifa. Nikaamua kupigana peke yangu, kwa simu. Nikawasha boila. Nikampa muda avue nguo na kujipaka sabuni. Nikazima. Nikawasha redio. Ikanyamaza. Spasoje akiwa uani mwake na simu sikioni alithibitisha kwamba kuna mkono ulioizima. Nikazima taa, nikaiwasha, nikaizima. Hita ya Rastko nikaizima pia, na safari hii si kwa ubaya, ni kwa ajili ya ulinzi wa mali.

Kuelekea jioni Spasoje akasema anasikia sauti ndani ya nyumba. Mtu mmoja anagomba kwa muda mrefu bila kujibiwa. Kisha, akasema, ni kama mtu analia.

Amevunjika! Mhalifu anatubu, na mimi ninakula biskuti umbali wote huu. Nimewasha boila kidogo, kwa huruma. Mimi si mnyama.

Ijumaa, 21 Februari

Siku mbaya, naiandika jinsi ilivyokuwa.

Asubuhi Radmila alikuwa hajampata mama yake kwa simu tangu juzi. Akawapigia wale wa Vrnjačka Banja. Wakamwambia bibi Jelisaveta aliondoka Jumatano alfajiri baada ya kugombana na mwenzake wa chumbani kuhusu dirisha, na chaja ya simu yake ameiacha kitandani. Radmila akaanza kulia. Nikamfariji kwamba huenda mama amepata mchumba. Akanirushia mwiko.

Ndipo nikalazimika kusema habari za mwizi. Nikaongeza kwamba huenda mwizi huyo ndiye aliyemteka mama. Kwa namna Radmila alivyonitazama, yeye alikuwa ameshafika mahali ambapo mimi nilikuwa bado niko njiani.

Tulikwenda sote wanne. Rastko aliendesha, mimi nikabeba mpini wa sepetu. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Sebuleni, kando ya jiko la kuni, alikuwa amekaa mama mkwe. Amevaa koti la baridi na kofia ya manyoya. Nywele zilizotoka chini ya kofia zilikuwa na sabuni iliyokauka. Mkononi ana chuma cha kuchokolea moto. Macho yamevimba, lakini uso ulikuwa umetulia kuliko nilivyowahi kuuona.

Binti zake wakamwangukia, wakamuuliza kwa nini hakusema anakuja, nani amemfanyia hivi.

"Baba yenu," akasema.

 Baba mkwe Gvozden yuko makaburini Rakovac tangu mwaka juzi.

"Nikijipaka sabuni, maji yanapoa. Nikikaa kushona, taa inazimwa. Nikifumba macho, redio inapiga kelele. Nani mwingine angenifanyia hivyo? Nimeishi na mtu yule tangu nikiwa msichana. Mkono wake kwenye swichi naujua."

Hilo ni kweli. Gvozden, Mungu amrehemu, alikuwa akizima boila mtu akiwa bado bafuni, ili kuokoa umeme. Mimi mwenyewe nilitoka bafuni mle siku ya harusi yangu meno yakigongana.

Mama mkwe akaendelea kwa sauti ndogo. Jana jioni, alisema, alichoka, akakaa pale kitini na kumwambia Gvozden yote. Kwamba alimkasirikia kwa kufa bila kuaga, wakati yeye ameteremka tu kununua mkate. Kwamba tangu siku hiyo hakuweza kulia kwa sababu ya hasira hiyo.

"Hakunikatiza. Mara ya kwanza maishani mwake amenisikiliza mpaka mwisho. Halafu maji yakaanza kupata moto."

Radmila na Smilja walikuwa wanalia kwa sauti. Rastko akafungua mdomo kueleza habari za vidhibiti. Nikamkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote. Watasema niliogopa. Nilikuwa namlinda mjane na majonzi yake. Na kidogo niliogopa.

Njiani kurudi, wake zetu wakiwa wamebaki kule na mama yao, Rastko alisimamisha gari pembeni ya barabara. Kile kidude chake mbea kilikuwa kimemwandikia kila kitu: saa ya kuwashwa, saa ya kuzimwa, na jina la simu iliyoamuru. Simu yangu.

"Mwanyumba Velibor, wewe ni takataka," akasema, bila hasira, kama mtu anayesoma jina kwenye kitambulisho.

 Kisha akabaki ameshika usukani bila kuondoa gari, masikio yamekuwa mekundu, na mimi nimekagua abiria wengi, masikio ya namna hiyo nayajua. Nikambana kidogo tu. Akakiri. Kidhibiti changu nacho kina kibandiko. Naye aliingia. Boila amekuwa akiizima tangu Jumatano, ili Jumamosi maji yawe baridi na mimi niaibike.

Usaliti wa namna hii ndani ya familia! Sijapata usingizi.

Jumamosi, 22 Februari

Chakula cha mchana Rakovac. Kabichi chachu iliyoviringishiwa nyama, mkate wa jibini, mvinyo wa plamu, kila mtu anaongea taratibu kama yuko kanisani. Hita iliwaka vizuri. Maji yalikuwa ya moto. Rastko na mimi tumekubaliana kunyamaza mpaka kufa kwetu.

Baada ya kahawa, mama mkwe akagusia nyumba. Akasema hawezi tena kuiandika kwa jina la mtu yeyote bila Gvozden kuridhia, maana ni dhahiri bado anaishi humu. Atamuuliza. Akageukia taa ya sebuleni.

"Gvozden, unafikiri Velibor asafishe bomba la moshi?"

Taa ikazima, ikawaka.

Wanawake wakajishika kifua. Mimi nikamtazama Rastko. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya meza, mwingine chini. Hasira zilizonipata siwezi kuziandika. Mama mkwe akashukuru, akafikiri, kisha akauliza kama Rastko, na mwili wake ule, hangeweza kung'oa kisiki cha mti wa peasi. Simu ilikuwa tayari mfukoni mwangu. Taa ikazima, ikawaka. Nikarudia mara ya pili ili pasiwe na shaka.

Je, Velibor apige rangi uzio? Ikawaka. Rastko asafishe choo cha zamani? Ikawaka, ikazima, ikawaka tena, kwa furaha. Velibor atoe viazi vilivyooza kwenye ghala la chini? Rastko apande juu ya paa? Velibor amwombe Spasoje msamaha kwa niaba ya ukoo mzima kuhusu ule mti wa jozi? Taa ilikuwa haipumziki. Hakuna mmoja wetu aliyekubali kuwa wa kwanza kuacha.

Mwishoni mama mkwe alipangusa macho kwa leso. Mabega yalikuwa yanatikisika. Masikini, bado ana uchungu.

Aliposimama kuleta vikombe, aliniomba nisitundike koti langu kwenye kabati la fyuzi. Yale makoti ya zamani ameyatoa yote na kuyahamishia chumbani, na kabati amelifuta vumbi. Nadhani anapenda kulala karibu na nguo za marehemu.

Jumapili, 23 Februari

Bomba la moshi. Masizi masikioni, puani, na mahali pengine ambapo bomba halikuwa na sababu ya kufika. Rastko amechimba kuzunguka kisiki tangu asubuhi na kisiki hakijui habari zake. Suruali ya pasi imekwisha. Tuligombana kidogo, tukarushiana udongo, tukanywa mvinyo wa plamu pamoja nyuma ya ghala, kisha tukagombana tena.

Kwa Spasoje nilikwenda nikiwa mweusi hivyo hivyo. Nikaomba msamaha. Alinisikiliza, akauliza nani amenituma. Nikasema Gvozden. Akaingia ndani na kufunga mlango, na nikasikia anacheka kule ndani mpaka anakohoa. Baadaye nilimwona amesimama mpakani na mama mkwe, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa. Mama mkwe alikuwa anamweleza kitu huku akibonyeza hewa kwa kidole gumba, na Spasoje alikuwa ameshikilia uzio asianguke. Uzio wenyewe una rangi yangu mbichi. Wazee hawa wamepatana baada ya ugomvi wa miaka, na shukrani sijapewa.

Wakati wa kuondoka nilimuuliza mama, kwa upole, kama Gvozden amesema lolote kuhusu nyumba.

"Bado anafikiri, mkwe wangu," akanijibu, akinifunga vifungo vya koti kama mtoto. "Unamjua. Mpaka aone kwanza nani ni mchapakazi. Ametaja kuni."

Jumatatu, 24 Februari

Mwili wote unauma, lakini kichwa kinafanya kazi kama saa ya kituo cha treni. Nimeyapima mambo usiku kucha na sasa nayaona wazi. Bibi anaamini kila kitu. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilichagua kidhibiti dhaifu. Kuwasha na kuzima taa hata Rastko anaweza. Gvozden wa taa anajibu ndiyo tu, hawezi kutaja jina la mtu.

Nimerudi dukani. Yule kijana aliponiona alitaka kwenda kula, nikamzuia. Nimemweleza kwamba nahitaji kile kinachopokea sauti huku na kuitoa kule, chenye spika, kidogo cha kutosha kufichwa nyuma ya picha ya harusi ya Gvozden na bibi ukutani sebuleni. Alianza na maswali yake. Nikamwambia anifungie.

Jumamosi tunakwenda kupasua kuni. Nitakiweka wakati Rastko yuko na shoka. Jumapili, bibi akiuliza nyumba iende kwa nani, picha itajibu.

Jioni hii nimejifungia bafuni kufanya mazoezi. Gvozden kabla ya kusema neno alikuwa akikohoa mara mbili, ya pili ndefu, kisha anasafisha koo kama mtu anayevuta mnyororo. Mwanzoni ilinishinda. Sasa naikaribia. Radmila amegonga mlango akiwa na kikombe cha rakija, ule mvinyo wetu wa plamu, iliyochemshwa na sukari, akaniambia nimepata mafua kwa kukaa kwenye bomba, ninywe nilale.

Nimeinywa. Imeshuka ikiunguza, na kikohozi kilichofuata kilikuwa cha marehemu kabisa.